Kitako hakina jina: nani alikichonga?

*"Mwaka jana nilinunua mnadani Springfield 1903 iliyobadilishwa kutoka bunduki ya jeshi kuwa ya kuwindia. Kitako ni cha mjozi wenye mishipa ya kupendeza, ncha yake ya mbele ni nyeusi, kina egemeo la shavu na nakshi safi ya vijialmasi, na kisigino kimefunikwa kwa bamba la chuma lililokatwa vijialmasi vilevile. Ubavuni kuna kishikizo cha darubini kilichoandikwa Griffin & Howe. Namba ya bunduki ina tarakimu sita na inaanza na 6. Mbele ya mtutu pamepigwa chapa SA na 5-18. Muuzaji aliapa kwamba ni kazi ya Griffin & Howe. Mkusanyaji mwenzangu anasema hapana, egemeo hilo la shavu ni mkono wa Bob Owen. Mwingine aliona bamba la kisigino tu akasema Niedner. Jina la fundi halipo popote. Nimwamini nani? Nikifungua mbao nitazame ndani nitaharibu? Na kwa kuwa mng'aro umefifia, nataka kuipaka mafuta upya."*

Nianze na hilo la mwisho maana ndilo lenye haraka: usiipake kitu. Usipige msasa, usifute kwa spiriti, wala usijaribu yale mafuta ya kwenye chupa yanayosifiwa kurudisha ujana wa mbao. Kitako kisicho na jina kina ushahidi mmoja tu, nao ni ngozi yake. Ukiichuna, umemfuta shahidi. Vumbi liondoe kwa kitambaa kikavu, kisha tuzungumze.

Sasa hao watu watatu. Sidhani kama kuna aliyekudanganya. Kila mmoja ameshika kiungo kimoja cha bunduki yako akakitajia mwili mzima. Muuzaji ameshika kishikizo cha darubini, wa pili ameshika shavu, wa tatu kisigino. Mjadala wa namna hii hauishi, kwa sababu viungo hivyo vitatu vingeweza kununuliwa, kuigwa au kuongezwa baadaye na mtu yeyote mwenye patasi na subira.

Tuanze na kishikizo, kwa kuwa ndicho kinachoponza wengi. Griffin & Howe ilianzishwa New York mwaka 1923 na Seymour Griffin, aliyekuwa fundi wa samani, pamoja na James Howe. Kishikizo chao cha ubavuni, kinachotoka na kurudi kwa kugeuza vijiwenzo, kilipendwa mno, nao walikiuza chenyewe bila bunduki. Mafundi wa kila mahali walikifunga kwenye bunduki za kila aina. Hata jeshi la Marekani lilikitumia katika Vita vya Pili vya Dunia, kwenye M1C, ile bunduki ya Garand ya walenga shabaha. Kwa hiyo maandishi yale yanakuambia nani alitengeneza kishikizo, basi. Kazi kamili ya Griffin & Howe kwa kawaida ina jina la kampuni juu ya mtutu pamoja na namba ya kazi, mbali na namba ya bunduki yenyewe. Mtutu wako una chapa ya jeshi, hukutaja jina lingine. Hilo halimalizi kesi, ila linapunguza sana uzito wa kiapo cha muuzaji.

Kuna jambo unaloweza kulitazama leo hii bila kufungua skrubu hata moja. Kishikizo cha ubavuni kinakula nafasi, kwa hiyo mbao ya upande wa kushoto lazima ikatwe kidogo ili kikae. Chukua lenzi na taa ndogo, utazame ukingo wa mkato huo. Kama kitako kilichongwa kikiwa kimepangiwa kishikizo tangu mwanzo, ukingo utakuwa mkali na ulionyooka, na rangi ya mbao ndani ya mkato itafanana na ya nje: mafuta yaleyale, uzee uleule. Kama kishikizo kilikuja miaka kadhaa baadaye, mkato huonekana kama kidonda. Mbao yake ni nyeupe zaidi au imepakwa rangi ya kubahatisha, na ukingo umekata mng'aro wa zamani ghafla. Ukikuta hivyo, kishikizo na kitako si watoto wa baba mmoja.

Bamba la kisigino nalo ni vivyo hivyo. Adolph Niedner wa Dowagiac, Michigan, alikuwa fundi wa mitutu wa kuheshimika, na mabamba yake ya chuma yenye vijialmasi yaliuzwa kwa mafundi wengine. Baadaye yaliigwa sana. Tena hata bunduki iliyotoka kweli kwenye karakana ya Niedner, kitako chake huenda kilichongwa na Thomas Shelhamer, ambaye ndiye aliyekuwa mkono wa mbao mle ndani. Hapo ndipo swali lako lenyewe linapogawanyika, na wengi hawalioni: unamtafuta aliyeandika risiti, au unamtafuta aliyeshika patasi? Karakana kubwa zilikuwa na wachongaji kadhaa, na wachongaji walihama. Howe mwenyewe hakukaa. Muda mfupi tu baada ya kampuni kuanza alikwenda Hoffman Arms, Cleveland. Bob Owen, Mwingereza aliyefanya kazi Sauquoit katika jimbo la New York, baadaye aliingia Winchester. Mtu akihama haachi mkono wake nyuma. Mkunjo uleule wa shavu unaweza kutokea chini ya majina mawili ya biashara, na jina moja la biashara likabeba mikono mitano.

Kuhusu shavu, na alama nyingine za mkono wa fundi, chukua mfano wa Louis Wundhammer wa Los Angeles. Alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuigeuza Springfield kuwa bunduki ya kuwindia yenye heshima, karibu mwaka 1910, wakati Theodore Roosevelt, aliyekuwa rais wa Marekani, alikuwa ametoka tu kuwinda Afrika Mashariki na Springfield iliyorekebishwa kwa ajili yake. Kishikio cha vitako vyake kilikuwa na uvimbe mdogo wa kujaza kiganja, na mpaka leo uvimbe huo unaitwa kwa jina lake. Vitako vyenye uvimbe wa Wundhammer ni vingi mno kuliko alivyoweza kuchonga Wundhammer mwenyewe. Al Biesen wa Spokane naye alipata umaarufu kwa nakshi yenye ua la yungi, baada ya bunduki alizomtengenezea mwandishi Jack O'Connor kusomwa na kutamaniwa na wawindaji wa nchi nzima. Wachongaji wangapi wa nyumbani walikaa na picha ya gazeti mezani wakilikata ua hilo? Kadiri alama inavyojulikana, ndivyo inavyothibitisha kidogo.

Kwa hiyo mimi huanzia pale ambapo fundi hakutarajia mtu apatazame. Na hapa najibu swali lako la pili: ndiyo, ifungue, lakini si leo na si kwa bisibisi ya jikoni.

Kwanza hakikisha haina risasi. Toa boliti kabisa, ingiza kidole kwenye chemba, kisha tazama mwanga kupitia mtutu. Halafu piga picha za kila skrubu kabla hujaigusa. Tazama mifereo ya vichwa vyake. Mafundi wazuri wa zama zile walipenda skrubu zikikazika, mifereo yote ielekee upande mmoja, sambamba na mtutu. Ukiikuta hivyo na haijachubuka, basi unashika kitu ambacho hakijafunguliwa na mikono mingi. Tumia bisibisi yenye ncha ya kuta sambamba inayojaza mfereo mzima; ile ya kawaida yenye ncha kama kabari huteleza, na kovu lake halitoki. Skrubu ikikataa, acha. Weka tone la mafuta ya kulegeza kutu, subiri hadi kesho.

Anza na bamba la kisigino, maana lina skrubu mbili tu na hatari ni ndogo. Nyuma yake ndipo watu walipoandika. Nimekuta majina ya wateja, tarehe, vipimo vya urefu wa mkono, mara moja hesabu ya deni. Nimekuta pia la kuniaibisha. Miaka ya nyuma nilimwambia mtu kwa kujiamini kwamba kitako chake ni cha Alvin Linden wa Bryant, Wisconsin, kwa sababu pua ya mgongo wa kitako na kina cha nakshi vilifanana na vya kitako cha Linden nilichowahi kukishika. Alikwenda nyumbani, akafungua bamba, akanitumia picha. Kwa penseli, mwandiko wa mtoto wa shule: "mimi na baba", na mwaka ulioandikwa ulikuwa baada ya Linden kufariki. Tangu hapo sitamki jina kabla ya kisigino kufunguliwa.

Hata kama hakuna maandishi, mbao yenyewe inasema. Bamba la chuma lenye mkunjo linadai mbao ichongwe mkunjo uleule, na fundi wa kweli huigusisha kila mahali. Atapaka masizi kwenye chuma, akibane, akitoe, achune pale masizi yalipoacha alama, arudie mara ishirini. Masizi hayo hubaki pembeni mwa matundu na kwenye vijipembe. Mtu mwenye haraka hugusisha ukingo tu, katikati akachimba shimo ili chuma kisikwame. Kwa nje vyote viwili vinaonekana sawa.

Baadaye, ukiwa na benchi tulivu, fungua skrubu mbili za chini zinazobana mwili wa chuma na unyanyue chuma na mtutu vikiwa pamoja, wima, bila kukibembea mbele na nyuma. Kikigoma usipenyeze bisibisi ukakichokonoa. Hapo utapasua mbao nyuma kabisa, pale mkia wa chuma unapoishia, ambako nyufa huanzia. Vikitoka, geuza kitako kwenye mwanga wa pembeni utazame mfereji wa mtutu na lile tundu la mraba linalopokea teke la bunduki.

Hapa ndipo penye utamu, niruhusu nikae kidogo. Warsaw, Missouri, kulikuwa na wazalishaji wawili wakubwa, Fajen na Bishop, waliouza kwa katalogi vitako vilivyochongwa nusu kwa mashine. Mnunuzi alimalizia mwenyewe sebuleni. Vitako hivyo ni vingi sana, na vingine vilimaliziwa na watu wenye vipaji. Mashine huacha mawimbi madogo yenye umbali sawa chini ya mfereji, na pembe zake ni za mviringo kwa sababu kisu kinachozunguka hakiwezi kukata kona kali. Patasi huacha michirizi mifupi isiyolingana, na kona kali iliyokatwa kwa pigo moja. Ukiona mawimbi ya mashine yamebaki chini huku kona zimenyooshwa kwa patasi, umepata kitako cha katalogi kilichomaliziwa kwa mkono. Usikate tamaa haraka lakini: hata mafundi wenye majina walitumia mashine za kunakili ili kuokoa siku. Tofauti yao iko kwenye umaliziaji, na jicho lako litahitaji kuona vitako kadhaa ndipo liizoee.

Tafuta pia gundi ngumu ya plastiki, mara nyingi yenye nyuzi za kioo, chini ya chuma. Desturi hiyo ilienea baada ya Vita vya Pili. Ikiwepo kwenye kitako kinachodaiwa kuwa cha miaka ya 1920, ama kitako si cha wakati huo au kimekarabatiwa baadaye. Skrubu zenye kichwa cha msalaba ni hivyohivyo. Zilianza kuuzwa miaka ya 1930. Na ile mistari myeupe ya plastiki kati ya ncha nyeusi na mbao ni ya mtindo uliotamba miaka ya 1950 na 1960. Vitu hivi haviwezi kumtaja fundi, lakini vinaweza kumtoa kwenye orodha, na kazi kubwa ya utambuzi ni hiyo, kupunguza orodha. Ile 5-18 yako, kwa mfano, ni mwezi wa tano mwaka 1918, mtutu ulipotengenezwa pale Springfield Armory (ndiyo hiyo SA), kiwanda cha silaha cha jeshi la Marekani. Inakuambia kwamba bunduki haikuchukua sura hii kabla ya hapo. Ni lini baada ya hapo, haisemi.

Nakshi nimeiacha hadi sasa kwa makusudi, maana watu huikimbilia mwanzo. Ndiyo, ni saini, lakini ya mwandiko, si ya jina. Weka karatasi nyembamba juu yake, isugue kwa ubavu wa penseli laini, utapata nakala yake kamili. Hesabu mistari ndani ya inchi moja, upande wa kulia na wa kushoto. Kazi nzuri ya zamani mara nyingi huwa kati ya 20 na 26. Pima kijialmasi kimoja urefu kwa upana. Tazama mwisho wa mistari: je, imesimama kwenye mpaka yenyewe, au fundi amepitiliza na kisha akakata mfereo mpana wa pembeni kuficha makosa? Angalia pale mistari inapozunguka tumbo la kishikio, ndipo mkono dhaifu unapopinda. Kisha linganisha nakala yako na nakala ya kitako kilichothibitishwa, si na picha ya mtandaoni. Na ujue nakshi nyingi za zamani zimekatwa upya baada ya kuchakaa. Mfereo ukiwa na mbao mbichi yenye rangi ya asali chini yake huku juu kumezeeka, unasoma mwandiko wa mtu wa pili.

Ukishamaliza hayo, ndipo uandike barua. Griffin & Howe wana kumbukumbu za kazi zao, na wanaweza kukuambia kama namba fulani ilipita mikononi mwao. Tafuta namba hiyo chini ya mtutu na kwenye chuma kilichojificha, si namba ya jeshi peke yake. Mrudie na mwenye mnada umuulize bunduki ilitoka familia gani. Risiti iliyokunjwa ndani ya mfuko wa bunduki, au picha ya mwindaji ameishika ikionekana mishipa ya mbao, ina nguvu kuliko maoni ya wataalamu kumi, mimi nikiwemo. Mishipa ya mjozi haifanani kwenye vitako viwili, kwa hiyo picha nzuri ya zamani inaweza kutosha.

Kama yote yatakwama, usijilazimishe kupata jina. Kwenye kadi yako andika ulichonacho: "fundi hajulikani, kazi ya mkono, bamba la aina ya Niedner, kishikizo cha Griffin & Howe". Kama ipo sababu nzito ya kumfikiria mtu, andika "inadhaniwa" na sababu yenyewe. Mnunuzi makini atakuamini zaidi kwa kadi kama hiyo. Kuhusu bei nisikufiche: jina lililothibitishwa huipandisha sana, lililodhaniwa huipandisha kidogo, na la kubuni hukurudia siku unapouza. Lakini kitako kilichochongwa vizuri bado ni kizuri hata bila jina, na wakusanyaji ninaowaheshimu hununua mbao kwanza.

Sasa jambo ambalo hukuuliza. Namba yako inaanza na 6 na ina tarakimu sita. Springfield 1903 zilizotengenezwa Springfield Armory chini ya namba 800,000, na zile za Rock Island, kiwanda kingine cha jeshi, chini ya 285,507, zinajulikana kuwa na tatizo. Chuma cha mwili wake kilipikwa na mafundi waliokadiria joto kwa macho, na baadhi kiliungua kikawa kinakatika kama kioo. Nyingine zilipasuka mikononi mwa watu. Hakuna kipimo rahisi cha kukuonyesha ipi nzima na ipi mbovu, na kitako kizuri hakibadilishi kitu. Ushauri wangu ni usiipige risasi, hata moja, hata kama wenye nayo waliipiga miaka 80. Mwone fundi wa bunduki mwenye leseni ana kwa ana athibitishe ni ya kiwanda gani. Mpelekee pia kama chuma kimegoma kutoka kwenye mbao, au ukiona ufa mwembamba nyuma ya mkia. Kwa mbao yenyewe, mtafute mchongaji wa vitako anayekarabati kazi za zamani. Chama cha Marekani cha mafundi wa bunduki zinazotengenezwa kwa oda ya mteja kipo tangu 1983, na wanachama wake wengi wamewahi kuvishika vitako hivi kwa mikono yao. Usipeleke bunduki kwa posta ili itazamwe kabla ya kujua sheria ya mahali ulipo.

Basi anza na zile skrubu mbili za kisigino. Bamba likitoka, usipulize wala usifute vumbi lililo nyuma yake, kwa kuwa penseli ya zamani hukaa juu ya mbao kama unga. Zima taa ya dari, weka tochi ubavuni karibu na usawa wa mbao, upige picha kutoka pande nne kabla kidole chako hakijagusa pale. Nitumie hizo, pamoja na ule mkato wa upande wa kushoto.